Mpaka Ruvu Unapoanzia

Mlandizi,
16 Juni 1953

Kwa mdogo wangu Siwema binti Abeid, Sofu.

Nakusalimu wewe, shemeji Isihaka, watoto, na mama mkwe wako Bi Mwanahalima, Mungu ampe afya. Idi nimeila Vihingo kwa jirani yangu Mwishehe. Kaburi la mama nimelifagia na kulizungushia mawe. Mbuzi amezaa mapacha. Nimemwachia Mwishehe awatunze, pamoja na ufunguo wa nyumba.

Utauliza kwa nini nimwachie mtu ufunguo. Siwema, sipo nyumbani. Barua hii naiandika Mlandizi, nimekaa juu ya gunia la kambare wakavu la mwanamke mmoja aitwaye Mwamini, ambaye kila mwezi hupandisha samaki kwa miguu hadi milima ya Uluguru kuwauza. Kesho naondoka naye. Nimeamua kuufuata mto Ruvu mpaka mahali unapoanzia.

Usidhani nimepata wazimu wa msiba. Baba alipokuwa akitusomesha alituambia kwamba maji haya tunayoyaona mazito kama uji hushuka kutoka milimani yakiwa meupe kabisa. Wewe ulikuwa unasinzia, mimi nilikuwa nasikiliza. Asubuhi za baada ya mvua, ukipanda kile kilima cha nyuma ya msikiti, unaiona milima hiyo kwa mbali, rangi ya moshi. Nimeitazama miaka yote niliyomuuguza mama. Nilikuwa napanda haraka, natazama kidogo, narudi kabla hajaniita. Miaka kumi na tisa sikuvuka Maneromango. Sasa nina miaka hamsini na moja, miguu bado ni yangu, na hakuna anayeniita.

Kuhusu kile chumba mlichonitengenezea hapo Sofu, mwambie shemeji nashukuru. Sitahamia.

Ukitaka kuniandikia, mpe barua karani wa stesheni ya Ruvu aipeleke Ngerengere kwa Kibwana, kaka yake Mwamini. Anafanya kazi relini. Mwamini atakuwa ananiletea kila anapopita.

Ni mimi dada yako,
Mwanakheri

*

Sofu,
29 Juni 1953

Dada Mwanakheri, shikamoo.

Sisi ni wazima. Isihaka anakusalimu. Mama mkwe hajambo, naye anakusalimu. Mtoto wangu mkubwa amepata kibarua Dar es Salaam cha kushusha mapambo ya sherehe ya Malkia, anasema vibendera vimejaa hata kwenye miti.

Sasa nisikilize. Umefika Mlandizi usifike Sofu? Umepita mlangoni pangu kama unapita kwa mtu baki! Barua yako nimeisoma kwa aibu, nikaisoma tena nikidhani nimekosea herufi. Mwanamke mzima, binti wa Mwalimu Abeid, anafuatana na muuza samaki porini! Kwenye bonde lile kuna simba. Kuna nyati. Watu wakiniuliza nimewaambia umekwenda Bagamoyo kwa shangazi, na Mungu anisamehe, kwa sababu shangazi mwenyewe alishakufa na wanaouliza wanalijua hilo.

Na chumba je? Nilimwambia bwana kwamba utakuja. Nilimwambia kwa kinywa changu. Kitanda kimewambwa upya, dirisha limepanuliwa. Ulisema inshallah, mimi nikajua umekubali. Unataka nimwambie nini?

Mto ni maji, dada. Yanatoka huko, yanakwenda baharini. Ukishaona mahali pa kutokea utapata nini? Rudi. Mwambie Kibwana akupandishe treni hapo Ngerengere, ukishuka stesheni nitakuja kukupokea mimi mwenyewe.

Mdogo wako mwenye hasira,
Siwema

*

Kidunda,
20 Julai 1953

Kwa Siwema mwenye hasira, marahaba.

Nimefurahi kusikia mko wazima wote. Nimefurahi pia kwamba shangazi yetu marehemu anapata wageni.

Barua yako nilipewa jana. Mwamini alikwenda stesheni akarudi nayo kiunoni, imelowa jasho, lakini hasira zilikuwa zinasomeka vizuri.

Simba tumemsikia, hatujamwona. Tembo nimewaona. Tulikuwa tumelala kwa wenyeji Wakutu kwenye mashamba yao ya mtama, na asubuhi tulipotaka kuondoka wakaja tembo saba. Mwenye shamba akatupandisha juu ya dungu lake, lile jukwaa la kulindia ndege. Tukakaa huko mpaka jua la utosi, mimi, Mwamini, mwenye shamba, mkewe na kuku watatu. Alipiga debe, akatukana, akaomba, wapi! Tembo mmoja alisimama karibu kiasi kwamba niliona kope zake. Siwema, tembo ana kope ndefu kuliko za mwanamwali. Anakula taratibu, anakung'uta udongo kwenye mizizi kabla ya kutia mdomoni. Mwenye shamba alikuwa analilia mavuno yake, nami nilimhurumia kweli, lakini siwezi kukudanganya, sikutaka waondoke.

Siku iliyofuata tulivuka mto kwa mtumbwi. Katikati ya maji mvuvi akaacha kupiga kasia. "Kimya," akasema. Maji yakafura ubavuni mwetu, kikatoka kichwa cha kiboko kikubwa kama kinu kilicholazwa. Kikapumua. Matone ya pumzi yake yakatupiga usoni. Mwamini akanong'ona, "Akitupindua, samaki wangu wanarudi kwao." Nikacheka, siku nyingine ningekuwa nalia. Kiboko akazama, nasi tukavuka.

Ndiyo, miguu inauma. Kucha mbili zimetoka. Kisigino kimepasuka, nakipaka mafuta ya nazi. Mbung'o wananiuma hata juu ya nguo. Ninapolala naota nimelala, ndivyo ninavyochoka. Lakini jioni ikifika nakuwa nimefika mahali ambapo asubuhi sikuwepo, na jambo hilo bado sijalizoea.

Kitanda cha chumbani mwambie shemeji amlalishe mgeni mwingine. Sirudi kwa sasa. Sababu sitaiandika. Ukitaka kuijua, itafute mwenyewe, hutakwenda mbali.

Dada yako,
Mwanakheri

*

Sofu,
12 Agosti 1953

Dada yangu, shikamoo.

Huku kwema kwa jumla. Jua ni kali na visima vimeshuka. Nilikwenda Vihingo siku moja kutazama nyumba, Mwishehe anaitunza vizuri, mapacha wa mbuzi wanaruka ovyo.

Habari ya tembo nimewasomea watoto mara mbili. Yule mdogo sasa anakula muhogo akiukung'uta kwanza.

Nina swali, si la kwangu. Kuna jirani hapa, mama mkwe wake ameanguka kiharusi tangu kabla ya Ramadhani. Upande wote wa kulia hauna nguvu, na maneno hayatoki. Huyu jirani hajui la kufanya. Mgonjwa ni mzito. Mgongoni pameanza kuwa pekundu, na juzi pamechunika kidogo. Akimlisha, anapaliwa. Amekumbuka kuwa nina dada aliyeuguza, akaniomba nikuulize. Nikamwambia nitakuandikia. Mama alipokuwa na vidonda ulimpaka nini? Na ulikuwa unamwinuaje peke yako? Mimi nilipokuwa naja nilikuwa namkuta amekaa, ameoga, ananukia. Sikupata kuona.

Jibu upesi ukiweza, kwa ajili ya huyo jirani.

Siwema

*

Mvuha,
6 Septemba 1953

Siwema, mdogo wangu, marahaba.

Nitaanza na jirani yako, mengine yatangoja.

Mwambie asimvute mgonjwa kwa mikono hata siku moja, bega litachomoka. Apitishe kanga iliyokunjwa chini ya kiuno, apige goti moja kitandani, avute kanga. Uzito wote uje kwenye mapaja yake, si mgongoni, la sivyo baada ya mwezi watakuwa wagonjwa wawili. Amgeuze mara kwa mara, kulia, chali, kushoto. Shuka isiwe na kunjo. Palipochunika apasafishe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, apake asali safi, na chini ya mgongo atandike jani bichi la mgomba, lina ubaridi na halishiki ngozi. Kulisha, amkalishe kwanza kabisa. Uji mzito, si mwepesi, maji matupu ndiyo yanayompalia. Amtilie upande mzima wa mdomo, asubiri ameze, ahesabu mpaka kumi ndipo ampe tena.

Halafu mwambie aongee naye. Maneno hayatoki, lakini yanaingia. Mama alikuwa anasikia kila kitu.

Na mwambie jirani yako alale mchana, mgonjwa akilala. Asianze kufua. Nguo zitangoja.

Sasa habari zangu. Nimepita mahali Ruvu unapokutana na Mgeta. Unasimama kwenye kichanga, huku mto, huku mto, yote mikubwa, na hujui upi ni wako. Mwamini, aliyezoea njia ya porini si ya mtoni, akasema wetu ni wa kushoto. Mzee aliyekuwa anatega samaki akatuuliza, "Mnakwenda kwa nani?" Nikamwambia, "Kwa Ruvu mwenyewe." Akacheka mpaka akaweka mgono wake chini. Akatuonyesha wa kulia. Tangu hapo maji yameanza kubadilika. Pale Mlandizi ukitia mkono ndani huoni vidole. Hapa naona vidole vya miguu yangu, na samaki wadogo wanakuja kuvidonoa.

Hapa Mvuha nimekaa wiki mbili kwa mjane mmoja, nasuka mikeka naye ananilisha. Watoto wanacheka ninavyoongea. Milima sasa si rangi ya moshi tena, naona mashamba yamening'inia juu yake, na watu wadogo kama sisimizi wanalima. Wanalalamika juu ya matuta ambayo serikali inawalazimisha kuyachimba. Kila anayepanda anapanda na jembe begani na malalamiko mdomoni.

Siwema, katika barua yako yote hakuna salamu ya Isihaka wala ya mama mkwe wako. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Msalimie jirani.

Mwanakheri

*

Sofu,
28 Septemba 1953

Dada, shikamoo.

Hakuna jirani. Unajua kwamba hakuna jirani.

Mama yake Isihaka alianguka wiki moja kabla ya arobaini ya mama yetu. Sikukuambia. Chumba kile kilikuwa chake, na wewe ulale mle umuuguze. Sasa nimekuambia.

Jani la mgomba limesaidia. Kidonda kimekauka pembeni. Lakini mimi siwezi, dada. Usiku silali, mchana silali. Juzi nilimkaripia, mtu mzima asiye na ulimi, nikamkaripia kwa sababu amelowesha shuka niliyoitandika wakati huohuo. Machozi yakamtoka jicho moja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajipiga kofi.

Wewe unaijua kazi hii. Una mikono yake. Njoo, nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya. Njoo walau mwezi mmoja.

Siwema

*

Sofu,
4 Oktoba 1953

Dada Mwanakheri, shikamoo.

Nilikuandikia wiki iliyopita. Nilikwenda stesheni kuirudisha barua ile, karani akaniambia imeshaondoka. Kama umepata hii kwanza, ile nyingine usiifungue. Kama umeisoma, usiitii.

Usije. Ukija nitakuachia kila kitu, najijua. Siku ya kwanza nitakusaidia, siku ya pili nitakwenda shamba, siku ya tatu nitakuwa mgeni nyumbani kwangu kama nilivyokuwa mgeni kwa mama. Nilikuwa naja na kilo ya sukari na doti ya kanga, nalia kidogo, naondoka kabla jua halijawa kali. Wewe ulikuwa unanisindikiza mpaka njia panda, halafu unarudi mbio. Sikuwahi kujiuliza kwa nini unarudi mbio.

Endelea na safari yako. Fika huko juu.

Siwema

*

Kibungo, Uluguru,
9 Novemba 1953

Kwa Siwema binti Abeid, mtoto wa mama yangu, marahaba.

Mimi mzima, nina mafua tu. Huku ni baridi, naandika nimejifunika kanga tatu na blanketi la kuazima. Mwamini anakusalimu, anasema samaki wamenunuliwa wote na hajapata kuona watu wanaopenda kambare kama Waluguru.

Barua zako mbili nilizipata siku moja. Mvua zilimchelewesha Mwamini, vijito vilijaa, akaja nazo zimefungwa pamoja kwa ukindu. Nilisoma ya kwanza nikaanza kukunja mkeka wangu. Nilikuwa nimebakiza mwendo wa siku mbili, Siwema. Nilikunja mkeka, nikafunga kikapu, mikono ikifanya yenyewe bila kuniuliza. Ndivyo ilivyozoea. Mwamini akaniambia, "Kuna ya pili, isome." Nikaisoma nimesimama. Kisha nikakaa chini, na sikusimama tena mpaka alasiri.

Sasa nitakuambia nilichokataa kukiandika. Siku ya arobaini ya mama, nilikuwa nyuma ya jiko nimebeba sinia la vikombe. Wewe na Isihaka mlikuwa upande wa pili wa makuti. Akakuuliza, "Atakubali kumuuguza mama?" Ukamjibu, "Atakubali tu. Ameshazoea. Na hana wa kumzuia." Nilivipanga vikombe upya kwenye sinia lile, halafu nikaja nikawapa kahawa.

Ameshazoea. Neno hilo nimetembea nalo kutoka Vihingo. Tembo walinisahaulisha kwa muda, na kiboko naye, lakini kila nikilala lilikuwa kichwani. Ndiyo maana nilipita Mlandizi nisifike kwako. Ningekuona uso ningelegea, ningekubali, na ningekuchukia mpaka kufa.

Nilijua jirani ni wewe tangu mstari wa pili. Nilikujibu kwa sababu ya Bi Mwanahalima, yeye hana kosa. Nilipomaliza kuandika niliona kwamba nimekujibu na kwa ajili yako pia.

Nilingoja mvua ikatike, siku kumi na moja. Kisha nikapanda.

Alitupeleka mzee Kobelo, mrina asali wa hapa, mtu mfupi mwenye vifundo vya miguu kama mizizi. Mwamini alisema atatungoja chini, halafu akatufuata analalamika. Tuliyaacha mashamba ya migomba asubuhi, tukaingia msituni, na humo hakuna njia, kuna matope na mizizi tu, unapanda kwa mikono kama mtoto anayetambaa. Nilianguka mara nne. Mara ya tatu niliteleza chini nikadakwa na mti, nikabaki nimeukumbatia, Kobelo akaniuliza kwa upole, "Bibi, tugeuke?" Nikamwambia, "Ukinigeuza nitakusema kwa nyuki wako."

Miti yote imevaa manyoya ya kijani, na mengine yananing'inia kama ndevu. Kuna mimea inayosimama juu kama minazi midogo, sikujua jina lake, Kobelo alinitajia kwa Kiluguru nikasahau. Nimeona kinyonga mwenye pembe. Mbega walipita juu yetu wakirusha mikia yao myeupe, mvua ya matone ikatumwagikia shingoni. Mto ulikuwa ubavuni mwetu muda wote, unapiga kelele kwenye mawe, na kila tulipopumzika ulikuwa mdogo zaidi. Kwanza ningeweza kuuogelea. Kisha kuuvuka. Kisha kuuruka. Adhuhuri niliupita kwa hatua moja, mguu mmoja huku, mmoja huku, Ruvu katikati ya miguu yangu. Nikasimama hivyo kidogo, Mwamini akadhani nimeishiwa nguvu.

Tukatoka mahali pa wazi penye majani mafupi na ukungu. Kobelo akasimama. Akasema, "Basi."

Nikatafuta. Nilidhani nitaona jiwe na maji yanabubujika, au shimo. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na manyoya yale ya kijani na udongo uliolowa, ukikanyaga maji yanapanda kati ya vidole.

"Ruvu uko wapi?" nikamuuliza.

"Umeukanyaga."

"Mahali unapoanzia ni wapi?"

Akanitazama. "Ulitaka mlango? Hapa pote, bibi. Hapa, na pale, na kwenye ule ukungu."

Niliinama nikachota nikanywa, meno yakauma kwa baridi. Nikatia udhu kwa maji hayo, nikasali adhuhuri yangu juu ya kanga iliyolowa mara moja. Nilipomaliza nililia. Usidhani nililia kwa ajili ya mama, mama nilishamlilia. Nililia kwa ajili ya Mwanakheri wa miaka thelathini na miwili, aliyekuwa anapanda kilima kile mbio na kushuka mbio. Nilimhurumia kama mtoto wa mtu mwingine. Mwamini alikaa karibu nami, akaikamua kanga yangu iliyolowa. Halafu Kobelo akasema tukikaa zaidi tutaganda, tukashuka.

Siwema, siji kuuguza. Umeniambia nisije na nimekutii, nakushukuru kwa kuniandikia barua ile ya pili, naona imekugharimu. Radhi ulizoniomba bila kulitaja neno, na zile ambazo hukuziomba, sijui kama nimeshazitoa zote. Ziko njiani. Kuna kitu kimoja kingine bado kinanikereketa. Miaka kumi na tisa ulikuwa unaniuliza mama anaendeleaje. Mimi hujaniuliza kamwe.

Wiki ijayo nateremka upande wa Morogoro mjini. Nitakaa kwa binamu yake Mwamini mpaka mwisho wa Desemba. Anwani yake nimeiandika nyuma.

Mmwekee Bi Mwanahalima mto chini ya mkono ulioishiwa nguvu, usining'inie. Hilo nilisahau.

Dada yako,
Mwanakheri

*

Sofu,
30 Novemba 1953

Dada yangu Mwanakheri binti Abeid, shikamoo.

Sote tunakusalimu, na safari hii ni kweli. Isihaka anakusalimu kwa aibu. Bi Mwanahalima nimemsomea barua yako, nikaruka palipomhusu, akanitazama kwa jicho lile zima kama mtu anayejua kuna ukurasa umerukwa. Kwa hiyo nikarudi nikamsomea pote, na lile neno langu pia. Alinishika kidole. Sijui alikuwa ananisamehe au ananionya.

Kidonda kimefunga kabisa.

Mwezi uliopita, kabla barua yako haijafika, nilimsimamisha Isihaka mlangoni akienda shamba. Nikamwambia, "Huyu ni mama yako. Kumsafisha nitamsafisha mimi, lakini kumwinua asubuhi na jioni ni wewe." Akasema hiyo ni kazi ya wanawake. Nikamwambia, "Basi uzito wake nao ni wa kike, hautakushinda." Akaenda zake. Jioni akarudi, akanawa mikono, akasimama mlangoni kama mtoto wa chuo aliyesahau sura yake ya Kurani. Nikampa kanga nikamwonyesha kama ulivyonionyesha, goti moja kitandani, uzito mapajani. Bi Mwanahalima alipoinuliwa na mwanawe alifumba macho, na nilitoka nje nisiwaone.

Kisha nikampelekea ujumbe wifi yangu Mwanamvua kule Kisiju. Akaja baada ya wiki tatu, ameleta sukari na doti ya kanga. Akalia kidogo. Akaanza kuniambia wanawe ni wadogo, na minazi haina wa kuiangalia, na mimi naijua kazi hii kuliko yeye, nimeshazoea. Dada, nilisikia sauti yangu inatoka kinywani mwake. Sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje? Nikamwambia, "Kaa hapa nikufundishe, utazoea na wewe." Alinuna siku mbili. Sasa anamlisha vizuri kuliko mimi, ana subira ya kuhesabu mpaka kumi. Tumekubaliana, mwezi wangu, mwezi wake.

Mwezi wake unaanza kesho.

Sijawahi kupanda treni. Najua stesheni ya Ruvu kwa ajili ya barua zako tu, na kila treni inapopiga honi mimi hurudi nyuma hatua mbili. Lakini nimeshamwambia karani, na Isihaka atanisindikiza mpaka mlango wa behewa. Nakuja Morogoro, Jumatano tarehe tisa Desemba. Usinipikie, nitapika mimi. Usinionyeshe milima kwanza, nitaiona.

Nitakaa mbele yako, na nitakuuliza, na sitaondoka kabla jua halijawa kali. Swali naliandika hapa, ili nikifika nisije nikaliogopa nikaanza kukuuliza habari za mbuzi.

Dada, miaka ile kumi na tisa, wewe ulikuwa unaendeleaje?

Mdogo wako,
Siwema